Abiria wa Kwanza ni Maji

Miaka miwili iliyopita, katika mwezi wa Februari, tulitoka Lubumbashi kabla ya mapambazuko tukielekea Kilwa. Hatusemi Kilwa ile ya pwani ya Tanzania, bali Kilwa yetu ya Haut-Katanga, mji mdogo ulio kando ya ziwa Mweru. Gari la parokia ni Land Cruiser ya zamani, lenye kusukumwa na magurudumu yote manne. Ndani yake walikuwamo padri, dereva, katekista mzee na mkewe, masista wawili na kijana mmoja wa kwaya. Pamoja nasi tunaoandika habari hii, tulikuwa watu wanane. Juu ya paa tulipakia magunia ya unga, mabati ya kanisa dogo la kijijini na vitabu vya katekisimu. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa katika orodha na kuhakikishwa mara mbili.

Maji ya kunywa hayakuwamo katika orodha. Dakika ya mwisho mtu mmoja alileta dumu la lita 20, au bidoni kama wasemavyo watu wa Lubumbashi, akalisukuma pembeni palipobaki nafasi.

Saa nane mchana gari lilizama katika matope hata ekseli. Tulichimba, tukakata miti, tukaweka mawe chini ya magurudumu, hata giza likatukuta papo hapo. Ndipo tulipolifungua lile dumu, tukasikia harufu ya mafuta ya dizeli. Zamani lilibeba mafuta, wala hapana aliyejua. Maji yale hayakufaa hata kuoshea mikono.

Basi tulikaa na kiu katikati ya maji. Mvua ilikuwa imejaza mashimo yote ya njia, na kijito kilipita hatua chache tu mbele yetu. Masista walituonya tusiyanywe. Walisema tungoje mpaka kuni zikauke kidogo, tuyachemshe. Lakini usiku kijana wa kwaya aliinuka peke yake akaenda kijitoni. Hatuwezi kumlaumu sana, maana ndiye aliyeshika jembe kuliko sisi sote. Siku ya tatu, tulipokuwa tumekwisha fika, alishikwa na kuhara kama maji ya mchele. Wauguzi walitambua mara moja ya kwamba ni kipindupindu. Usiku kucha mke wa katekista aliketi karibu naye, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, huku wauguzi wakimtilia maji ya dawa katika mshipa. Mwenyezi Mungu alimrudisha kwetu. Lakini kila mmoja wetu alijua moyoni ya kuwa kijana yule aliponea chupuchupu kwa ajili ya uzembe wetu sisi watu wazima.

Gari ni kwa ajili ya uhai

Yafaa tukumbuke kwa nini misheni zetu zina magari. Mwaka 1925 mmisionari Mjerumani, Padri Otto Fuhrmann, aliugua huko Ovambo, katika nchi iitwayo leo Namibia. Hapakuwa na gari la kumfikisha upesi kwa waganga, akafa. Rafiki yake, Padri Paul Schulte wa shirika la Waoblati, alihuzunika sana, na mwaka 1927 akaanzisha chama cha MIVA, ili wamisionari wapate vyombo vya safari. Chama kama hicho kilianzishwa nchini Austria mwaka 1949. Huko, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Kristofa katika mwezi wa Julai, madereva Wakristu huombwa watoe sadaka ndogo kwa kila kilomita waliyosafiri bila ajali.

Gari la misheni, basi, lilizaliwa kutoka katika kifo cha mtu aliyekosa msaada njiani. Je, si aibu kama gari hilo hilo litatufikisha mahali tukafa kwa kukosa maji safi? Tuliporudi Lubumbashi, halmashauri ya parokia ilikaa Jumapili moja baada ya Misa, ikakata shauri: gari litiwe tangi la maji ya kunywa, la kudumu, lisilobeba kitu kingine milele.

Hesabu ya maji na hesabu ya viti

Fundi wetu, mtu mpole mwenye karakana ndogo, alianza kwa kuuliza, si kwa kupima chuma. “Baba Padri, mnasafiri watu wangapi, na mkikwama mnakaa siku ngapi?”

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu anayefanya kazi juani, hasa katika joto la Oktoba kabla ya mvua kuanza, huhitaji kunywa kama lita 4 kwa siku. Watu saba kwa siku mbili ni lita 56. Basi tangi la lita 60 latosha. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, kimo cha 30 na upana wa 20 hujaza lita 60 barabara. Maana ukizidisha wapata 60,000, na kila sentimita za mjazo 1,000 ni lita moja.

Wasomaji watauliza: kwa nini watu saba, nasi tulikuwa wanane? Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita 60 ni kilo 60, na tangi lenyewe karibu kilo 15. Jumla ni kilo 75, uzito wa mtu mzima. Tena tangi lilikata ncha ya benchi la nyuma. Gari lina kipimo cha mzigo kilichowekwa na watengenezaji wake, na matope hayamwonei huruma anayekizidisha. Kwa hiyo mtu mmoja sharti abaki nyumbani.

Palikuwa na kimya. Mtunza fedha alisema, “Basi tupunguze maji, kiti kibaki.” Fundi akatikisa kichwa. “Baba, ukipunguza maji, wanane watakwenda na kiu. Ukipunguza kiti, saba watakwenda na kurudi wazima.” Hapana aliyetaka kumwondoa sista, kwa kuwa wao ndio wanaowatunza wagonjwa, wala katekista, wala mkewe aliyemwokoa kijana. Mwisho ilionekana wazi ya kuwa abiria asiyehitajiwa sana ni mwandishi wa habari. Kiti kilichoondolewa kilikuwa chetu.

Chuma gani, na kiwekwe wapi

Nchi yetu ni nchi ya shaba, na watu wengine walituletea mabamba ya shaba wakidhani wametusaidia. Fundi aliwashukuru akayarudisha. Maji yenye ukali kidogo hula shaba polepole, na shaba ikizidi katika maji huleta kichefuchefu na kutapika. Risasi itumiwayo kuungia mabomba ni mbaya zaidi, hasa kwa watoto wadogo, ambao hudhurika akili. Hali kadhalika pipa lililowahi kubeba asidi ya migodini, mafuta au dawa ya mimea halifai, hata likioshwa mara mia. Plastiki hunywa harufu na sumu kama kitambaa kinywavyo rangi. Vitu vinavyofaa ni viwili: chuma kisichoshika kutu, au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa na isiyopitisha mwanga. Maji yakipata mwanga huota utando wa kijani unaoteleza.

Tulichagua chuma kisichoshika kutu, chenye unene wa milimita moja na nusu, kwa kuwa fundi alitaka kuweka viambaza viwili ndani. Viambaza ni mabamba yanayoligawa tangi vyumba vitatu, yakiwa na matundu chini na juu ili maji na hewa vipite. Pasipo viambaza, maji hukimbia kutoka ubavu huu hata ubavu ule kila gari lipindapo kona, na mzigo unaokimbia waweza kuliangusha gari katika mtelemko. Kwa sababu hiyo hiyo tangi halikuwekwa juu ya paa, mahali ambapo wengi hupenda kuweka madumu yao. Uzito ulio juu hulifanya gari liyumbe kama mlevi. Tangi letu lilikaa chini sakafuni, nyuma ya viti vya mbele, katikati ya ekseli mbili.

Lilifungwa kwa mikanda ya chuma na bolti zinazopenya sakafu, na chini ya sakafu fundi aliweka vibamba vipana ili bolti zisichomoke. Msidhani ya kuwa alizidisha. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga mti na kusimama ndani ya mita moja, kilo 60 za maji husukuma mbele kwa nguvu ya zaidi ya nusu tani. Tangi lililowekwa tu bila kufungwa lingewaua waliokaa mbele. Tena, kabla ya kutoboa sakafu, fundi alilala chini ya gari akaangalia palipo tangi la mafuta, bomba za breki na nyaya, maana wako waliotoboa kwanza wakaangalia baadaye.

Juu ya tangi kuna mdomo mpana wa kupitisha mkono pamoja na kitambaa, wenye kifuniko kinachobana juu ya mpira. Tangi lisiloweza kuingizwa mkono halisafishiki. Chini kabisa iko koki, yaani robine, ya kumwaga maji yote wakati wa kuosha. Bomba la maji ya kunywa limewekwa juu zaidi, sentimita mbili kutoka chini, ili mashapo yabaki yasiingie vikombeni. Na kiko kibomba chembamba cha kupumulia. Chupa ikipinduliwa, maji hutoka kwa kukwamakwama mpaka hewa iingie. Vivyo hivyo na tangi. Kibomba hiki kimepanda juu, kikapindwa kielekee chini, na mdomo wake ukafunikwa kwa wavu mwembamba, kwa sababu ya vumbi letu jekundu la kiangazi.

Je, pampu? Wenye fedha waweza kuweka pampu ndogo ya volti 12, yenye fyuzi yake karibu na betri. Sisi hatukuweka. Sakafu ya gari la namna hii iko juu ya ardhi, na koki ya kutekea iko chini kuliko tangi. Basi maji hushuka yenyewe kwa uzito wake. Kitu kisichokuwamo hakiharibiki njiani.

Kazi ilipokwisha, tangi lilijazwa likawekwa usiku kucha juu ya karatasi kavu. Asubuhi karatasi zilikuwa kavu vilevile. Ndipo lilipofungwa garini.

Akiba iozayo

Wahenga walisema ya kwamba akiba haiozi. Walikuwa na haki kwa habari ya fedha. Lakini maji ni akiba iozayo. Tangi zuri lenye maji machafu ni kaburi lililopakwa chokaa.

Kwanza, maji yapatikane mahali panapojulikana. Sisi hujaza Lubumbashi, kutoka katika kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, mbali na vyoo. Sababu si vijidudu tu. Katika Katanga yetu, maji ya mito ipitayo karibu na migodi na viwanda vya madini yaweza kuchukua metali. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walitangaza ya kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda hivyo wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yakipungua sufuriani, metali hubaki pale pale. Wala javeli haiziondoi. Dawa yake ni moja tu: kutoyateka maji hayo.

Pili, maji yatiwe dawa. Javeli isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5, hutiwa matone mawili kwa kila lita ya maji maangavu. Kwa lita 60 ni matone 120, kama mililita 6, yaani kijiko kidogo cha chai na ziada kidogo. Kisha ngojea nusu saa kabla ya kunywa. Someni maandishi ya chupa, maana nguvu za javeli hazilingani. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa; dawa haipenyi tope vema. Pasipo javeli, kuchemsha hata maji yatokote kwa dakika moja hutosha katika nchi yetu, na ndiyo njia iliyo ya hakika zaidi juu ya vijidudu vya kila namna.

Tatu, tangi lioshwe kila baada ya miezi mitatu, na tena kila gari likikaa muda mrefu bila safari. Jaza maji, tia mililita 60 za javeli hiyo hiyo, yaani vijiko vikubwa vinne, fungua koki kidogo ili dawa ifike katika mabomba, uyaache kwa muda wa saa nne. Kisha mwaga yote, usuuze mpaka harufu iishe. Usiyaache siku nyingi, maana dawa kali hula hata chuma kisichoshika kutu. Parokia yetu imempa dereva daftari dogo. Kila akiosha tangi huandika tarehe na kutia sahihi.

Koki iwe nje au ndani?

Lilibaki jambo moja, nalo lilichukua muda mrefu kuliko yote. Fundi aliuliza koki ya kutekea iwe wapi. Mtunza fedha, ambaye ni mtu mwaminifu na hatusemi haya kwa kumdharau, alitaka iwe ndani, yenye kufuli. “Wazee wenzangu,” alisema, “tumemwondoa mtu garini ili tupate maji haya. Koki ikiwa nje, kila tukisimama kijijini watakuja na vikombe, nasi tutafika pakavu.”

Neno lake lilikuwa na akili. Wengi walikubali kwa vichwa. Ndipo katekista mzee aliposimama. Alisema, “Baba, tangu nioe sijamfungia mgeni mtungi wangu. Mgeni akisema ana kiu, mke wangu hampimii. Sasa tunakwenda kuwafundisha watu habari za Yezu, aliyeomba maji kwa mwanamke kisimani. Je, tutawafundisha huku ufunguo uko mfukoni?” Kisha akaketi.

Mwishowe palipatikana shauri la kati. Koki iliwekwa nje, chini ya mlango wa nyuma, yenye kifuniko cha kuizuia na matope. Ndani iko koki ya pili, ambayo dereva huifunga gari likitembea, ili jiwe likiivunja ile ya nje maji yasipotee yote. Na kwa shauri la mtunza fedha, dumu jipya la lita 10, lililotiwa alama ya msalaba mwekundu, husafiri chini ya kiti cha sista. Hilo ni la wagonjwa peke yao, wala halifunguliwi kwa sababu nyingine.

Katika mwezi wa Machi uliofuata gari lilikwenda tena upande wa Kilwa. Hatukuwamo, kwa kuwa kiti chetu hakipo tena. Tunayaandika haya kama dereva alivyotusimulia. Njiani walilikuta lori limekwama tangu juzi yake, na juu yake akina mama na watoto, zaidi ya watu ishirini. Watoto walikuwa wamekwisha kuanza kuteka maji ya shimo. Dereva alifungua koki ya ndani, akainama akafungua ya nje. Mtunza fedha, ambaye safari hiyo alikuwamo, ndiye aliyeshika kikombe na kuwapangisha watoto mstari, wadogo mbele. Lita 40 zilitoka. Zilizobaki ziliwatosha wale saba hata kufika, kwa kunywa kidogo kidogo, na hapana aliyeugua.

Wasomaji wapenzi, nyumba zetu nyingi hazina gari. Lakini kila nyumba ina dumu. Basi lichungulieni leo. Je, lilibeba nini kabla ya kuja kwenu? Lina kifuniko? Linakaa juani? Mkono wa nani huingia ndani yake, na kikombe kipi? Aliyelisugua mara ya mwisho alilisugua lini? Mama wa nyumba na afundishe watoto ya kuwa dumu la maji ya kunywa halibebi kitu kingine, hata kwa siku moja, hata jirani akiliazima. Na mwenye gari, awe padri au mfanya biashara, kabla hajahesabu magunia na viti, na ahesabu lita. Maji ndiyo abiria wa kwanza kupanda. Tena yapande yakiwa safi, na yakiwa mengi kiasi cha kumgawia mtu tusiyemjua.